RIP au OSPF kwa matawi ya Kigoma, Uvinza na Kasulu?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni afisa TEHAMA wa chama cha akiba na mikopo mkoani Kigoma. Makao makuu yapo mjini, matawi yapo Uvinza, Kasulu na Kibondo. Kati ya Kigoma na Kasulu tuna laini ya zamani ya megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka huu tumeongeza mbili za megabiti 50: Kigoma–Uvinza na Uvinza–Kasulu. Ruta (kifaa kinachoelekeza data kati ya ofisi) ya makao makuu ni ya kampuni ya Cisco, za matawini ni za MikroTik. Tunatumia RIP, yaani kanuni ambayo ruta hutumia kuambizana njia za kupitisha data, na Kasulu bado wanalalamika mfumo ni mzito. Nihamie kanuni nyingine kama hiyo: OSPF, EIGRP au BGP?

JIBU: Ndugu yangu, hamia OSPF. Ila soma kwanza hadi mwisho, maana ukiiwasha tu na kuiacha, Kasulu wataendelea kulalamika vilevile.

RIP haijui kasi. Inahesabu ruta za kupitia tu. Kigoma hadi Kasulu moja kwa moja ni hatua moja, kupitia Uvinza ni mbili. Basi data zote zinabanana kwenye megabiti 2, na laini mpya mnazozilipia zimekaa bure. Halafu laini ikifa upande wa mbali huku taa ya mlango wa ruta yako bado inawaka, RIP husubiri sekunde 180 ndipo iitupe njia hiyo. Dakika tatu ni nyingi mno kwa mwanachama aliyesimama dirishani akisubiri pesa zake.

OSPF hupima njia kwa gharama. Kwenye Cisco, kwa kawaida ni megabiti 100 gawanya kwa kasi ya laini. Laini ya 2 inapata gharama 50. Kila laini ya 50 inapata 2, kwa hiyo kupitia Uvinza jumla ni 4. Gharama ndogo ndiyo inayochaguliwa.

Hapa ndipo mafundi wengi hukwama. Ruta haioni kasi mnayoilipia. Inaona kasi ya mlango ulikochomekwa waya. Mlango ukiwa wa megabiti 100 au wa gigabiti 1, Cisco inaupa gharama 1. MikroTik nayo huanza na gharama ileile kwa kila mlango. Matokeo yake, njia fupi inashinda tena na data zinarudi kulekule kwenye megabiti 2. Kwa hiyo andika gharama kwa mkono, 50 na 2, tena pande zote mbili za kila laini. Ukiandika Kigoma ukasahau Kasulu, data zitakwenda kwa Uvinza na kurudi kwa laini ya zamani, na siku ya tatizo utahangaika sana kujua limekaa wapi.

Kuhusu laini kufa: kwenye laini kama zenu, ruta za OSPF hutumiana salamu kila sekunde 10, na jirani akikaa kimya sekunde 40 anahesabiwa hayupo. Unaweza kupunguza hadi 3 na 12, lakini namba zilingane pande zote, la sivyo ruta hazitakubaliana ujirani. Kama laini mojawapo ni ya redio inayoyumba mvua ikinyesha, usishuke zaidi ya hapo.

EIGRP ni nzuri, lakini ni ya Cisco na MikroTik haina. BGP ni ya kuunganisha mitandao ya wenye mali tofauti. Mtaihitaji mkiwa na namba zenu za intaneti (anwani za IP) na watoa huduma wawili. Kwa ruta nne, eneo moja la OSPF (kundi moja la ruta), eneo 0, linatosha kabisa.

Weka nenosiri la OSPF kwenye kila laini, na kwenye milango inayoelekea kompyuta za wafanyakazi iweke "passive", yaani isitume wala kupokea salamu za OSPF hapo. Chama kinashika pesa za watu. Kifaa cha mgeni kisiweze kutangaza njia za uongo ndani ya mtandao wenu.

Fanya kazi hii jioni matawi yakishafungwa. Fuatilia njia kutoka Kasulu hadi Kigoma uone kama inapita Uvinza, kisha chomoa laini ya Uvinza na uhesabu sekunde hadi ile ya megabiti 2 ishike. RIP usiifute mpaka uone hayo mawili kwa macho yako.