Jaji mmoja akibadili kura, sheria ya utoaji mimba huanguka?

Dada, umeuliza kama yale ya kwenye tamthilia, jaji kugeuza kura usiku mmoja na sheria ikaanguka, yanaweza kutokea kweli. Marekani yametokea, ila si kwa usiku mmoja. Roe dhidi ya Wade, hukumu ya Mahakama ya Juu ya huko iliyolinda haki ya kutoa mimba, ilipita mwaka 1973 kwa kura 7 kwa 2, ikaja kufutwa Juni 2022. Kilichobadilika ni majaji wenyewe: wengine walifariki, wengine wakastaafu, na rais ndiye anayeteua wa kujaza nafasi. Na utoaji mimba haukupigwa marufuku nchi nzima, kila jimbo liliachiwa lijiamulie.

Hapa kwetu Kenya jambo hili limeandikwa ndani ya Katiba yenyewe, Kifungu 26(4): kutoa mimba hakuruhusiwi, isipokuwa mhudumu wa afya aliyefunzwa aone kuna dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iruhusu. Jaji atakifasiri, lakini kukifuta hawezi. Kukibadilisha kunahitaji kura ya maoni ya wananchi.

Jirani yangu Kisauni ni mkunga. Ukurasa huo ameukunja kwenye mkoba wa kazi, umechakaa pembe zote. Neno "afya" amelipigia mstari mara mbili. Wengi huishia kwenye "uhai" tu, na hapo ndipo wasichana wetu wanapoumia.