Gesi joto kwa kilo ya mahindi: anza na naitrojeni

Umeweka mifuko 2 ya yurea (kilo 50 kila mmoja) kwenye ekari ya mahindi, unataka kujua gesi joto (gesi zinazoipasha dunia joto) kwa kila kilo ya mahindi. Usipige hesabu kwa uzito wa mfuko mzima, kosa hilo ni sugu; hesabu naitrojeni iliyomo. Yurea ina naitrojeni 46%, yaani kilo 46. Kwa kigezo cha IPCC (jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi), 1% ya naitrojeni hiyo hupotea kama oksidi ya nitrasi: 0.46 × 44/28 × 273 = kilo 197 za kaboni dioksidi linganifu (44/28 hugeuza naitrojeni kuwa oksidi ya nitrasi; 273 ni mara ambazo gesi hiyo hupasha joto kuliko kaboni dioksidi). Yurea ikivunjika udongoni huongeza kilo 73 za kaboni dioksidi. Jumla 270, bila gesi za kiwandani na za lori la kusafirisha.

Kisha pima mahindi makavu. Kilo 1,500 zenye unyevu 25%, zikikaushwa hadi 13%, hubaki kama 1,293. Gawanya 270 kwa hizo: kilo 0.21 kwa kila kilo ya mahindi, si 0.18 ya kugawanya kwa 1,500.