Mdogo wako anaweza kurudi uwanjani, ila asirudishwe kwa kalenda ya timu

Dada, umeeleza kwamba mdogo wako, winga mwenye miaka 20, amechanika ligamenti ya mbele ya goti, yaani utepe unaoshikilia mifupa ya goti, na anasubiri upasuaji, na kwamba mtaani wamekwisha kumwambia mpira basi. Nami niliambiwa hayo hayo mwaka 2014, nikiwa beki wa pembeni Dar es Salaam, nilipogeuka ghafla mazoezini bila kuguswa na mtu, goti likalia, nami nikashindwa kulikanyagia.

Daktari alichukua kano nyuma ya paja langu na kuipandikiza mahali pa ligamenti iliyochanika. Wengi hudhani kazi huishia hapo. Yangu ilianzia sakafuni kwa mama, nikiwa nimeweka taulo lililokunjwa chini ya goti na kulikandamiza ili msuli wa paja ukaze; siku za kwanza haukukaza hata kidogo, nao ulikuwa umenywea hivi kwamba mama alipoupima kwa futi yake ya kushonea alikuta tofauti ya sentimita 4 kati ya paja na paja.

Mwezi wa 5 baada ya upasuaji timu ilinihitaji, nami nikakubali kwa sababu sikuwa na maumivu. Goti lilichanika tena katika mechi ya pili. Naomba mdogo wako alielewe hili kuliko yote: maumivu huondoka mapema, ilhali kano iliyopandikizwa huchukua miezi mingi kuimarika. Wataalamu hushauri mchezaji asirudi mashindanoni kabla ya miezi 9, na hata hapo apimwe kwanza, mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu za mguu mwingine. Mara ya pili nilisubiri miezi 11, nikacheza misimu 3 zaidi.

Msimulie pia habari za Megan Rapinoe, mwanasoka wa kike wa Marekani. Goti lake la kushoto lilichanika mwaka 2006 akiwa Chuo Kikuu cha Portland, likachanika tena mwaka 2007, na Desemba 2015 likafuata la kulia. Alirejea katika Olimpiki ya Rio Agosti 2016, miezi 8 tu baadaye, na katika robo fainali dhidi ya Sweden aliingia akitokea benchi, kisha akatolewa kabla mchezo haujaisha. Mwili ulikuwa bado haujawa tayari. Miaka 3 baadaye, akiwa na miaka 34, alitwaa Kombe la Dunia nchini Ufaransa, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa mashindano, na mwaka huohuo akapata Ballon d'Or ya wanawake, tuzo ya mchezaji bora wa dunia.

Kwa sasa, asikae tu kusubiri tarehe ya upasuaji. Afanye mazoezi ya kunyoosha goti mpaka lilingane na jingine, na kukaza paja kila siku kwa maelekezo ya mtaalamu wa viungo, kwa maana goti linaloingia chumba cha upasuaji likiwa limevimba na kukakamaa huwa gumu zaidi kunyooka baadaye.