Muulize Fundi: i7 inayong'aa au i5 iliyochubuka?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Mwanga, Kigoma. Nachora ramani za mashamba kwa QGIS na najifunza kuandika programu. Nataka kuhama Windows niweke Ubuntu. Nimeoneshwa laptopu mbili za mtumba, bei karibu sawa. Moja ina prosesa (ubongo wa kompyuta) ya i7-7500U, ramu GB 8, ina kadi ya picha ya Nvidia, inang'aa kama mpya. Nyingine ni ThinkPad T480, i5-8250U, ramu GB 8, imechubuka pembeni. Wenzangu wananicheka nikitaja i5. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Waache wacheke. Hiyo i7 ni ya mwaka 2016 na prosesa yake ina viini viwili tu vya kufanyia kazi. i5 yako ilitoka 2017, ina vinne. Ukianza kukompaili programu, yaani kuigeuza iwe lugha ya mashine, huku ramani imefunguka, utajua nani wa kuchekwa. Soma namba zinazofuata, si hiyo i7 ya mbele.

Kadi ya picha nayo isikubabaishe. Draiva, yaani programu za kuendeshea kadi, za Intel na AMD zimo ndani ya keneli ya Linux, moyo wa mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake. Unawasha, unafanya kazi. Ya Nvidia inayotoa nguvu zote huongezwa kando, na kadi zake za zamani hufika siku draiva mpya zikaziacha. Kwa ramani za kawaida huihitaji.

T480 ina nafasi mbili za ramu. Kama hizo GB 8 ni kipande kimoja, ongeza kingine cha DDR4, aina ya ramu inayoingia humo, upate 16. Ina pia betri mbili, ya ndani na ya nyuma inayochomoka, kwa hiyo unabadilisha ya nyuma bila kuzima. Umeme ukikatika utanikumbuka.

Lakini usitoe hela kabla hujaijaribu. Weka Ubuntu kwenye flashi, nenda nayo dukani, iwashe bila kusakinisha chochote. Unganisha waifai, piga wimbo, fungua kamera. Fungua terminal, dirisha la kuandikia amri, andika lscpu uone prosesa kwa macho yako, maana stika hubandikwa. Kisha funga mfuniko, piga soga na muuzaji dakika kumi, ufungue.

Hapo kwenye mfuniko nina kovu. Niliwahi kununua moja nzuri kwa macho, nikapanda nayo treni hapa Tabora kuja huko kwenu. Nikafunga, nikaitia begini nikijua imelala. Kufika Kaliua nashika begi, la moto kama karai la maandazi! Haikulala hata kidogo. Betri ikaisha, na kazi ya mteja niliyokuwa sijaihifadhi ikaenda nayo. Ilikuwa inafanya hivyo kila siku, mimi tu sikuijaribu dukani.

Ikiamka salama, ichukue. Inachaji kwa USB-C, dai chaja yake palepale. Na huo mchubuko usiusikitikie, ndio wa kushushia bei.