Ndoa Ndani ya Kabini: Dada wa Usukani Anajibu Barua Zenu

Tangu niliposema kwenye safu hii kwamba mimi na mume wangu tunaendesha lori moja kwa kupokezana, barua zimekuwa nyingi. Nimechagua nne. Najibu kama mke, na pia kama dereva mwenye leseni yangu mwenyewe: mzaliwa wa Tanga, makazi Texas, na siku nyingi nipo kwenye barabara kuu za I-40 au I-80 nikiwa na tela nyuma.

*Dada, mume wangu anaendesha masafa marefu. Anakaa wiki tatu barabarani, anarudi, analala siku mbili, anaondoka. Mtoto wetu wa mwisho ameingia chuo, na nyumbani tumebaki kama wapangaji wawili. Sasa ananiambia nichukue leseni tuendeshe pamoja, ati tutakuwa wote mchana na usiku. Natamani, ila naogopa. Je, hili litaturudisha karibu? — Mwenye Shaka, Columbus, Ohio*

Mdogo wangu, nianze na hilo la "mchana na usiku", maana ndilo linalowavunja moyo wengi mapema. Kampuni inaweka madereva wawili kwa sababu moja tu: lori lisisimame. Sheria ya Marekani inamruhusu dereva wa mizigo aendeshe saa 11 tu, ndani ya saa 14 tangu alipoanza kazi, kisha apumzike saa 10 mfululizo. Aliye peke yake akipumzika, na mzigo umelala. Wakiwa wawili, mmoja akimaliza saa zake anaingia kitandani, mwenzake anakamata usukani. Mzigo wa kutoka Los Angeles kwenda New York ni safari ya maili kama 2,800. Dereva mmoja ataufikisha kwa siku tano hivi. Wawili wanaufikisha kabla siku ya tatu haijaisha.

Sasa iangalie ndoa yako ndani ya hesabu hiyo. Wewe ukiwa macho, yeye amelala. Yeye akiamka, wewe macho yanafumba. Mtakuwa hatua mbili tu kati yenu, na siku nzima inaweza kupita hamjazungumza zaidi ya "mafuta yapo nusu" na "mbele kuna ujenzi".

Kwa hiyo jambo la kwanza la kujiuliza ni usingizi. Lori likiwa na mzigo kamili linaruhusiwa kufika ratili 80,000, yaani tani 36 na ushee, na wewe uko nyuma ya pazia, umefumba macho, mwenzako analiteremsha mlimani usiku na theluji inaanguka. Wake wengi huniuliza kama wanaweza kuwaamini waume zao na simu. Mimi nawauliza kama wanaweza kulala usingizi mzito yeye akiwa anaendesha. Ukijiona unaamka kila akigusa breki, acha. Mtu asiyelala leo ndiye atakayeshika usukani kesho, na barabarani kuna watoto wa watu.

Usingizi huo unalindwa kwa vitu vidogo. Kitanda chenyewe, kwa kipimo cha chini cha sheria, ni inchi 75 kwa 24, ingawa kabini kubwa za siku hizi zina nafasi zaidi, nyingine vitanda viwili vya juu na chini. Lazima pawe na wavu au mikanda ya kumzuia aliyelala asirushwe breki zikikamatwa ghafla. Ufunge kila unapolala, hata ukijilaza nusu saa. Anayeendesha naye ana wajibu wake. Achukue kona za kutokea barabara kuu polepole. Asipige soga na ndugu wa Dar kwa simu yenye sauti ya kujaza kabini. Mume wangu akijua nimelala, hupunguza mwendo kabla ya daraja lenye viungo vibovu ili lori lisiruke. Hajawahi kulisema hilo. Nililigundua mwenyewe siku niliyokuwa nimelala macho, na sijapewa zawadi ninayoithamini zaidi ya hiyo.

Halafu ugomvi. Mtagombana, msijidanganye. Sisi tumewekeana kwamba ugomvi unasubiri lori lisimame. Mwenye hasira halali, na asiyelala haendeshi vizuri. Na mmoja akisema "nimechoka", mwingine habishi, hata kama saa zake kwenye kifaa cha kurekodi saa bado zipo na dispacha, mpanga safari wa kampuni, anapiga simu kila dakika. Lori linaegeshwa, basi. Kwenye I-80 kule Wyoming, kati ya Laramie na Rawlins, barabara hufungwa mara kwa mara wakati wa baridi kwa upepo na theluji, na malori yanajipanga kusubiri. Mambo mengi mazito ya nyumba yetu tumeyamaliza tukiwa tumekwama hapo, injini inaunguruma na hakuna pa kukimbilia.

Lakini sheria ina mlango mmoja wa heri ambao waume wengi hawawaambii wake zao, pengine hawaujui. Tangu 2020, ukilala angalau saa 7 mfululizo kitandani, unaweza kukaa hadi saa 3 kwenye kiti cha abiria lori likitembea, kabla au baada ya usingizi huo, na zikahesabiwa ndani ya zile saa 10 za mapumziko. Nakwambia, saa hizo tatu ndizo ndoa yetu. Hapo tunakunywa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa. Hapo tunawapigia watoto, tunabishana kama nyumba ya Tanga iezekwe bati au vigae, na wakati mwingine tunanyamaza tu tukiangalia jua linavyochomoza New Mexico. Usimwachie kila siku aendeshe peke yake wewe ukijifunika shuka na simu. Njoo mbele ukae.

Na mkifika kikomo cha saa 70 za kazi katika siku 8, mapumziko ya saa 34 mfululizo yanaanzisha hesabu upya. Msiyamalizie kwenye maegesho. Chukueni chumba, ogeni bila foleni, pikeni, laleni kitanda kisichotikisika, mkiwa wawili kwa wakati mmoja. Sisi tukiwa Iowa huwa tunapita Walcott, kwenye kile kituo cha malori kinachojiita kikubwa kuliko vyote duniani. Kina kinyozi na daktari wa meno palepale, nami huko ndiko ninakopata huduma ambazo nikiwa nyumbani sizifikii.

Uamuzi wangu kwako ni huu: usikimbilie shule ya udereva. Mwambie mumeo aombe ruhusa ya kampuni, upande kama abiria safari mbili tatu, na ulale nyuma lori likitembea. Kama kilichowatenganisha ni umbali na uchovu, utaona mnaanza kuzoeana tena. Kama alikuwa anakudharau mkiwa na vyumba vitatu na varanda, kabini haina hata chumba cha kwenda kununia. Hapo bakia Columbus, na hayo yazungumzeni kwanza nyumbani.

*Mama, jambo. Nakaa Des Moines, natumika kwa kampuni moja ya malori. Bibi yangu hana leseni. Naweza kumbeba? Na nikichoka, anaweza kunisaidia kidogo kwenye njia iliyonyooka, usiku, wakati hakuna magari? — Papa wa Watoto Wanne*

Jambo sana, papa. Kumbeba mkeo, ndiyo, kampuni ikikupa ruhusa kwa maandishi. Ndivyo sheria ya shirikisho inavyotaka, na kampuni nyingi zitataka pia bima ya abiria. Karatasi hiyo ikae ndani ya lori.

Kushika usukani, hapana. Njia kunyooka hakubadilishi kitu. Kila dereva ana jina lake kwenye kifaa cha kurekodi saa, na yeye akiendesha kwa jina lako mmevunja sheria mara mbili kabla hata hamjafika mbali. Ukichoka, egesha ulale.

Kama anataka kweli, asomee leseni ya Class A, ile ya malori yenye tela. Tangu Februari 2022 mwanafunzi mpya lazima apitie mafunzo kwa mkufunzi aliyesajiliwa na serikali, awe na cheti cha afya, na kwa safari za kuvuka majimbo awe ametimiza miaka 21. Kiingereza akichukulie kwa uzito: tangu Juni 2025 dereva asiyeweza kuzungumza na askari au kusoma vibao vya barabarani kwa Kiingereza anaweza kusimamishwa kazi palepale. Na kwa kuwa masharti ya leseni kwa wasio raia yamekuwa yakibadilishwa tangu mwaka huo, nendeni kwanza ofisi ya leseni ya jimbo na vibali vyenu mkononi. Ada ya shule mlipe baada ya hapo. Nakuomba sana usibadilishe mpangilio huo.

*Asalaam aleikum dada. Mume wangu ana lori lake, mimi nina leseni na naendesha nusu ya maili zote. Malipo yanaingia kwenye akaunti yake. Nikigusia anasema "mali si yetu sote?" Naona aibu kuendelea kuuliza. — Mama Wawili, Phoenix, Arizona*

Waaleikum salaam, mwanangu. Barua yako ndiyo iliyonikalia moyoni kuliko zote. Endelea kuuliza.

Sitasema mumeo ni mwizi, maana simjui, na huenda anaamini kabisa anachosema. Lakini serikali haijui kuwa unaendesha usiku kucha kutoka Phoenix hadi Amarillo. Inajua kilichoandikwa. Pensheni ya hifadhi ya jamii hapa Marekani inataka pointi 40, na mtu hapati zaidi ya 4 kwa mwaka, yaani ni miaka 10 ya kazi kwa uchache, ikiwa imelipiwa kodi kwa jina lako. Usipoandikwa popote, hii miaka unayoumiza mgongo inapita mitupu. Ni kweli mke anaweza kupata sehemu kupitia kazi ya mume, lakini hapo unategemea rekodi yake, na ndoa yenyewe. Ukiumia ukashindwa kufanya kazi, swali litakuwa wewe ulichangia nini, na jibu kwenye karatasi litakuwa sifuri.

Kuna njia mbili. Anaweza kukuajiri rasmi, akulipe mshahara na kodi zake zikatwe. Au, kama biashara haijaandikishwa kama kampuni, ni yenu nyote wawili, mnaifanya wote na mnajaza kodi pamoja, sheria inawaruhusu mgawane mapato kwenye fomu, kila mmoja alipe kodi ya sehemu yake na apate pointi zake. Kama kuna LLC, yaani kampuni ndogo yenye dhima ya kikomo, mambo yanategemea jimbo. Tafuteni mtaalamu wa kodi anayefahamu biashara ya malori, na mwende wote wawili. Hakikisha unamsikia wewe mwenyewe, usiletewe habari nyumbani. Muulizeni papo hapo jina lako linaingiaje kwenye kadi ya lori.

Na aibu iondoe. Dini yetu imeweka wazi kwamba alichochuma mwanamke ni chake, ameolewa au hajaolewa. Bibi zetu pale Tanga walikuwa na mashamba ya minazi kwa majina yao na waume zao wakiwa hai, na hakuna aliyesema ndoa imekufa. Mwambie kwa upole, siku mmepumzika, lori limesimama: kama mali ni yetu sote, karatasi nazo ziseme hivyo.

*Shikamoo dada. Mume wangu anatoka Dar na mzigo wa Lubumbashi, anapita hapa kwetu Tunduma. Akikwama kwenye foleni ya mpakani namwona siku mbili, mzigo ukiruhusiwa anapotea mwezi. Nataka nijifunze lori niwe naye. Mawifi wanasema mwanamke kupanda lori si heshima. Je, kwa huku inawezekana? — Mke wa Dereva, Tunduma*

Marahaba mdogo wangu. Inawezekana, ila usichukue ya huku ukayabandika huko. Huku tunapokezana ili gurudumu lisisimame. Huko kwenu linalokula siku ni foleni, Tunduma kwenyewe na zaidi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Congo, kwa hiyo muda wa kukaa na mumeo utaupata kuliko mimi. Shida yako itakuwa nyingine: choo, maji ya kuoga, usalama wa usiku kwenye foleni, na karatasi. Hakikisha una pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na uvuke ukiwa umeandikwa kama dereva wa gari hilo, usivuke kama mtu aliyepewa lifti.

Kusoma, nenda NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, Dar, au vyuo vya ufundi vya VETA, wanafundisha udereva wa magari makubwa. Kisha fanya safari za ndani kwanza, Dar hadi Mbeya. Ukiweza kuteremka mlima Kitonga na mzigo, kwa gia ndogo, bila kukaanga breki, na kupita hifadhi ya Mikumi usiku kwa mwendo unaotakiwa ukiwakwepa wanyama, ndipo uanze kuwaza Zambia na Congo. Mawifi waache. Watu wanaodharau leo ndio watakaokuagiza vitenge vya Lubumbashi.

Kinachonitia wasiwasi ni tajiri, yule mwenye lori. Matajiri wengi wamezoea dereva mmoja na utingo, na akiona mke amepanda anaweza kufurahi kupata utingo wa bure. Mumeo amuulize mapema kama atakuandikia mkataba wako wa dereva wa pili, na posho yako ya safari uipokee mkononi mwako. Asipokubali, tafuteni tajiri mwingine kabla hujaacha shughuli zako hapo Tunduma. Akikubali, niandikie uniambie masharti aliyotoa, tuyaangalie pamoja kabla hujasaini.