Hita inayotoa joto upande mmoja: chunguza maji kabla ya kushusha dashibodi

Mkuu, umeeleza kwamba gari lako, lililotumika Japani na lenye kiyoyozi cha pande mbili, linatoa joto zuri kwa dereva huku abiria akipata hewa ya uvuguvugu hata mkiweka nyuzi 28, na kwamba fundi ameshauri dashibodi yote ishushwe ili mota ya upande wa abiria ibadilishwe. Nilikuwa na tatizo hilohilo hapa Njombe, ambako mwezi wa Julai hita si anasa, na kwa niliyoyaona nakuomba usikubali dashibodi ifunguliwe kabla maji ya injini hayajachunguzwa.

Gari la pande mbili halina hita mbili. Lina rejeta moja ndogo nyuma ya dashibodi, inayopitisha maji ya moto ya injini, na hewa ya feni hupita kwenye rejeta hiyo. Kinachomtenganisha dereva na abiria ni vilango viwili vya plastiki, kila kimoja na mota yake, vinavyoamua hewa ya upande husika ipite kiasi gani kwenye joto na kiasi gani ilikwepe. Kwa hiyo upande mmoja ukipoa, ama kilango chake hakifunguki ipasavyo, ama rejeta yenyewe ni ya moto upande mmoja tu. Hili la pili husahaulika mno. Maji yakipita polepole kwa sababu ya kutu na tope, humaliza joto lake mwanzoni mwa rejeta, na yakifika sehemu ya mbali hayana tena cha kutoa, hivyo anayepata hewa kutoka sehemu hiyo ndiye anayesikia baridi.

Huku kwetu sababu zake zinajulikana. Gari linaingia likiwa na kulanti safi (maji maalumu ya kupozea injini yanayozuia kutu), kisha mpira mmoja unavuja, tunajazia maji ya bomba, na mwaka ukiisha ndani kuna kutu na magadi. Wengine humwaga dawa ya kuziba matobo ya rejeta, ambayo haichagui tobo: huziba pia vijia vyembamba vya hita. Wapo pia mafundi wanaotoa themostati, yaani vali inayozuia maji yasiende rejeta kubwa hadi injini ipate moto, wakidai injini itapoa vizuri. Katika baridi ya nyanda za juu injini isiyo na themostati haifiki joto lake la kazi, ambalo kwa kawaida ni kati ya nyuzi 80 na 95, na hita hudhoofika pande zote mbili, jambo linalomchanganya kabisa anayetafuta kasoro ya upande mmoja.

Anza na lililo rahisi: hakikisha taa ya kitufe cha DUAL na joto lililoandikwa kila upande ni kama unavyotaka. Kisha, injini ikiwa ya baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta kubwa uangalie kiwango na rangi ya maji. Usikifungue kamwe injini ikiwa ya moto. Rudisha kifuniko, washa gari hadi geji ya joto itulie, weka hita mwisho pande zote mbili, halafu shika kwa uangalifu mipira miwili inayoingia kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi. Yote miwili ikiwa ya moto karibu sawa, maji yanapita na mashaka yahamie kwenye vilango. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine wa uvuguvugu, rejeta ya hita imeziba au ina hewa ndani. Dalili ya hewa ni kwamba joto huja unapokanyaga mafuta na kupotea gari likirudi sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, na mara nyingi utasikia maji yakibubujika nyuma ya dashibodi.

Kwenye gari langu mpira wa kurudisha maji ulikuwa wa uvuguvugu, na kipimajoto nilichokiweka kwenye matundu ya hewa kilionyesha nyuzi 54 kwa dereva na 31 kwa abiria. Tulichomoa mipira yote miwili injini ikiwa imepoa, tukapitisha maji ya bomba kinyume na mwelekeo wake wa kawaida, kwa nguvu ndogo. Kwanza yalitoka maji mekundu kama ya mto uliofurika, kisha magamba ya kutu yanayosagika vidoleni, na tuliendelea hadi yakatoka meupe. Usiruhusu mtu atumie upepo wa kompresa, kwa maana rejeta hiyo ina kuta nyembamba, na ikipasuka zulia la abiria litalowa, kioo cha mbele kitafanya ukungu wenye harufu tamu, na hapo dashibodi itashuka kweli.

Baada ya kusafisha, jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Egesha gari pua ikiwa juu kwenye mwinuko, uliwashe kifuniko kikiwa wazi tangu injini ikiwa ya baridi, hita ikiwa mwisho, na uendelee kujazia mapovu yanapotoka. Mimi nilirudisha pia themostati iliyokuwa imetolewa, na tofauti kati ya pande hizo mbili ikabaki nyuzi chache tu.

Ikiwa mipira yako yote ni ya moto, weka dereva HI na abiria LO, kisha ubadilishane, huku umetegesha sikio. Mlio wa tak-tak-tak chini ya dashibodi ni meno ya gia ya mota yaliyovunjika. Kimya kitupu humaanisha mota haipati umeme au kilango kimekwama. Magari mengi ya Toyota huingia kwenye kujipima ukishika pamoja AUTO na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani wakati wa kuwasha swichi. Fanya hivyo juani, kwa kuwa gizani namba ya hitilafu 21, ya kihisi cha jua, hujitokeza hata kihisi kikiwa kizima. Ikibainika kuwa ni mota, muulize fundi ilipo kabla ya kukubali gharama, kwa sababu kwenye magari kadhaa ya upande wa abiria hufikiwa kwa kutoa droo ya dashibodi na skrubu chache.