Anzia ukutani, si kwenye kompyuta

Wewe unayeanza kazi ya kuunga intaneti majumbani hapa Dodoma, nikupe jambo lililonigharimu siku nzima: anzia ukutani, pale laini ya simu inapoingilia.

Nyumba ya kwanza niliyotumwa peke yangu ilikuwa Nkuhungu. Intaneti inakuja, inakatika. Nikaikalia kompyuta tangu asubuhi, nikabadilisha kila nilichokijua, mama mwenye nyumba akaniletea chai mara mbili. Saa tisa alasiri simu ya mezani ikaita, na papo hapo taa ya DSL kwenye modemu, ile inayoonyesha intaneti ya laini ya simu imeshika, ikazimika. Kumbe chumbani kulikuwa na simu ya pili, imechomekwa ukutani bila filta, kile kidude cha kutenganisha sauti na intaneti.

Waya uleule unabeba mizigo miwili. Sauti inapita kwenye masafa ya chini, haivuki kilohezi 4. ADSL, yaani intaneti yenyewe, inapita kwenye masafa ya juu, kuanzia kilohezi 25 hivi hadi megahezi 1.1. Filta ndiyo inayoizuia mizigo hiyo isigongane. Basi kila simu ya nyumba hiyo iwe na filta yake, faksi nayo vilevile. Modemu ndiyo pekee inayopewa laini ghafi.

Halafu fungua kifuniko cha soketi ya simu, hata kama kwa nje ni kipya. Vumbi letu hili halibishi hodi. Nimeshakuta shaba imeota kutu ya kijani, nimeshakuta na mayai ya mjusi. Kata ncha ya waya, menya upya mpaka shaba ing'ae, kaza skrubu. Washa modemu uitazame taa ya DSL: ikipepesa bado inatafuta, ikitulia imeshika. Kabla haijatulia, kompyuta iache.

Kompyuta yenyewe haina makuu. Kebo ya mtandao inaingia kwenye tundu lolote la LAN (la mtandao wa ndani) nyuma ya ruta, yaani modemu ileile inayogawa intaneti, na isizidi mita 100. Angalia tu usichomeke waya wa simu humo: kichwa chake ni chembamba, kinaingia kikilegalega na kinaweza kukupindia pini. Ukiona kompyuta ina anwani inayoanza na 169.254, ujue ruta haijaipa anwani. Kagua kebo kwanza.

Kile kitundu cha nyuma ya ruta kinachobonyezwa kwa sindano, kiogope. Kinafuta kila kitu, pamoja na jina na nywila ya kuingilia kwa mtoa huduma. Nilikibonyeza Jumamosi jioni kwa kaka mmoja wa Area C mwenye kibanda cha kuchapa barua. Nywila hakuiandika popote. Akakaa bila intaneti hadi Jumatatu, na maneno yake nikayameza yote. Siku hizi daftari linatangulia.

Mvua zikianza, Desemba hivi, mwambie mwenye nyumba kwamba radi ikinguruma achomoe waya wa umeme na wa simu, vyote viwili. Wengi huchomoa wa umeme, wakalala. Radi inafuata laini ya simu. Nimeshazika ruta tatu namna hiyo, Kisasa mbili na Ilazo moja.